Biolojia Kihambani

Mama, mtoto wako wa sekondari akirudi nyumbani na daftari la Biolojia, unamsaidiaje? Wengi wetu humwachia mwalimu kazi hiyo. Daftari limejaa maneno ya Kiingereza, na mtoto huyakariri usiku bila kujua yanahusu nini. Lakini mambo yaliyoandikwa humo hayako mbali. Yako jikoni, bandani na shambani. Tuliyaona sisi wenyewe tulipokwenda Marangu, mkoani Kilimanjaro, akina mama sita pamoja na watoto wetu, wakati wa likizo ya Pasaka.

Kutoka Moshi tulishika barabara ya Himo, kisha tukaanza kupanda. Huku chini jua lilikuwa kali. Kule juu tulikuta ukungu na manyunyu, na watoto wakaanza kuulizana nani amekumbuka sweta. Kilele cha Kibo, chenye urefu wa mita 5,895, hakikuonekana hata kidogo. Tulichoona ni migomba pande zote mbili za barabara, na nyumba zimejificha ndani yake.

Hivyo ndivyo vihamba. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba ya Mchaga, ambalo hurithiwa kizazi hata kizazi. Mwenyeji wetu ni mama mjane aliyepita miaka sabini, na shule aliishia darasa la nne. Alitupokea kwenye njia iliyopakana na masale, mmea ambao Wachaga huupanda mpakani, na ambao jani lake hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. “Karibuni wanangu,” alisema. “Mmekuja kusoma nini kwenye migomba yangu?”

Nyumba ya ghorofa nne

Tulipoingia ndani tuliwaambia watoto watazame juu, kisha washuke kwa macho taratibu. Juu kabisa kulikuwa na mringaringa na miti mingine mirefu. Chini yake migomba. Chini ya migomba, mibuni yenye matunda mabichi. Chini kabisa, magimbi na maboga. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 100 za mimea katika vihamba vya mlima huu.

Kwa nini mimea hii haigombani? Kila jani la kijani hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo kazi inayoitwa usanisinuru. Mti mrefu huchukua jua kali la juu. Mbuni hustahimili kivuli. Gimbi lina jani pana, hivyo hukusanya hata mwanga mdogo unaopenya. Kila mmoja ana ghorofa yake, na udongo wa mteremkoni haubebwi na mvua kwa sababu umefunikwa.

Mgomba na watoto wake

Mwenyeji wetu alikata ndizi mbivu kwa urefu akawaonyesha watoto vidoa vidogo vyeusi vya katikati. Hizo ni mbegu ambazo hazikukua. Mgomba wa shambani hauzai kwa mbegu, bali huchipuza pembeni mwa shina, na chipukizi hilo hufanana na mama yake kwa kila kitu. Ukipenda mkungu wa jirani, huombi mbegu, unaomba chipukizi.

Njia hiyo ina faida na ina hatari. Kama migomba yote ni ya asili moja, udhaifu wao nao ni mmoja. Ugonjwa wa mnyauko ukiingia kwa aina isiyouweza, hufyeka shamba lote. “Ndiyo maana sipandi mshare peke yake,” alisema mama huyo, akatuonyesha aina tano tofauti katika kihamba chake kimoja. Katika vitabu jambo hilo huitwa bioanuwai. Yeye alifundishwa na mama mkwe wake.

Hakuna kinachotupwa

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la ng'ombe mmoja, analetewa majani humo humo. Alikuwa amelala, anacheua. Tumbo la ng'ombe lina sehemu nne, na katika sehemu kubwa ya kwanza wanaishi bakteria wengi wanaovunjavunja nyuzi ngumu za majani. Sisi hatuwezi kushiba nyasi kwa sababu hatuna kiwanda hicho. Ng'ombe huwapa bakteria makao, nao humpa chakula. Kisha samadi hurudi kwenye migomba, mgomba ukivunwa shina lake hukatwakatwa na kurudi kwa ng'ombe, na mzunguko unaendelea.

Mahali penye mwanga zaidi palikuwa na maharage yaliyoanza kutoa maua. Tuliomba ruhusa tukang'oa shina moja kwa uangalifu. Mizizini kulikuwa na vinundu vidogo. Tulipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa cha rangi ya waridi. Rangi hiyo ni dalili kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa lishe ya mmea. Bibi zetu walijua kwamba maharage hunenepesha ardhi. Kinundu kinaeleza sababu.

Uji mzito unaogeuka mwepesi

Jikoni ndiko tulikokaa muda mrefu zaidi. Mwenyeji wetu alipika uji mzito wa mahindi, mzito kiasi kwamba mwiko ulisimama. Akauacha upoe hadi ukawa na uvuguvugu. Kisha akatia kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi na kukoroga. Baada ya dakika chache uji ulikuwa unamiminika, bila kuongezwa hata tone la maji. Watoto walidhani ni mzaha, wakamwomba arudie.

Ulezi ukilowekwa na kuota, hutengeneza vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunja wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate chakula. Vimeng'enya hivyo hubaki katika kimea hata kikikaushwa. Vikikutana na wanga wa uji, hufanya kazi ile ile. Lakini moto mkali huviharibu, ndiyo sababu uji lazima upoe kidogo kwanza.

Mama mwenye mtoto mchanga, zingatia hapa. Mtoto akifikia miezi sita huanza kupewa chakula pamoja na maziwa ya mama. Tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi uliojaa maji humjaza bila kumshibisha, na uji mzito unamshinda kumeza. Kwa kimea, unga mwingi huingia katika kikombe kidogo. Loweka ulezi safi kwa siku moja, uchuje, uufunike uote kwa siku mbili au tatu, uanike hadi ukauke kabisa, kisha usage. Ukishalainisha uji, urudishe jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu, halafu upoze na kumlisha mtoto.

Kuku kishingo na mtoto wa kike

Uani kulikuwa na jogoo kishingo, asiye na manyoya shingoni. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akaeleza kwamba kila kifaranga hupata urithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kwamba urithi wa kishingo una nguvu: ukitoka upande mmoja tu, shingo huwa wazi. Kuku wawili wenye manyoya kamili shingoni hawazai kishingo. Lakini kishingo wawili wanaweza kutotoa kifaranga mwenye manyoya, kama kila mmoja amebeba urithi mwingine uliojificha. Mwenyeji wetu alikubali. Alishayaona hayo kwenye matundu yake.

Halafu akauliza, “Na mtoto kuwa wa kike au wa kiume, hilo linatoka kwa nani?”

Alitusimulia. Alizaa wasichana wanne mfululizo. Kila alipojifungua, ndugu wa mume hawakuuliza kama mtoto ni mzima, waliuliza ni wa nini. Kihamba kwa desturi hurithiwa na mtoto wa kiume, basi wakaanza kumtafutia mumewe mke mwingine. Mvulana alikuja katika mimba ya tano, na maneno yakaisha. Lakini miaka ile tisa hakuisahau.

Binti mmoja kati ya watoto wetu akasema polepole, “Bibi, wewe hukuwa na Y ya kumpa mtoto.”

Akamchorea chini kwa kijiti. Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Yai la mama hubeba X siku zote. Mbegu ya baba hubeba X au Y. Ikifika yenye X, huzaliwa msichana. Ikifika yenye Y, huzaliwa mvulana. Hakuna anayechagua, wala baba mwenyewe hachagui, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Kwa kuku mambo ni kinyume, tetea ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka mahali padogo sana. Mwaka 1905 mwanasayansi wa Marekani, mwanamke aitwaye Nettie Stevens, alichunguza mdudu anayeishi katika unga uliohifadhiwa, akaona kwamba dume ana kromosomu moja ndogo ambayo jike hana.

Mwenyeji wetu aliutazama mchoro ule kwa muda. “Sema tena, mjukuu wangu,” alisema, “na umwite mwanangu naye aje asikie.” Mwanawe alikuja, amesimama na panga mkononi, na binti akaanza upya tangu mwanzo.

Ukirudi nyumbani

Si lazima uwe na kihamba. Nyunyizia chumvi kabichi iliyokatwa, usubiri robo saa: maji yatakayojaa bakulini yametolewa na chumvi kutoka ndani ya chembe hai za kabichi, na hiyo ndiyo osmosisi. Panda maharage kwenye kopo lenye udongo. Chota maji yaliyotuama kwenye tairi kuukuu, uyatie katika chupa iliyofunikwa kwa kitambaa, uone viluwiluwi wakigeuka mbu. Kisha mwage tairi lile.

Mtoto akikueleza neno la Kiingereza, mwombe akuonyeshe kitu chenyewe. Na ukiwa na binti, au mkwe anayesemwa kwa sababu ya mabinti, mchoree chini zile X na Y. Mchoree na mumeo.