Leo Hakuna Ubuyu, Kuna Baiskeli ya Baba

Wapendwa, najua mmezoea kuingia hapa asubuhi mnakuta nani kaachana na nani, nani kahongwa gari na nani anadaiwa kodi ya nyumba. Leo ubuyu hakuna. Au tuseme upo, ila unanihusu mimi mwenyewe.

Yote yalianzia kwa staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni. Mwezi wa sita aliposti picha yuko ufukweni Dar na baiskeli ya bei mbaya, kofia ngumu, miwani na nguo za kubana. Mimi nilikuwa nyumbani Shinyanga, nimetoka Mwanza kupumzika. Nikamwonyesha baba. Akaivuta simu karibu, akaangalia weee, halafu akauliza, "Sasa keria iko wapi? Huyu atabeba nini?"

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka kitu ambacho nimekificha miaka kumi.

Baba yangu alikuwa daladala. Sio dereva wa daladala, hapana. Kwa wasioijua Shinyanga mjini, kabla bodaboda hazijajaa, usafiri wetu ulikuwa baiskeli. Keria inawekewa kigodoro, abiria anakaa nyuma, safari inaanza. Waendeshaji wake ndio tuliwaita daladala. Kwa baba nauli ilikuwa mia tatu, mia tano kama una mzigo. Phoenix yake nyeusi ndiyo ililipa ada yangu ya shule ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, maana ada ilikuwa bado haijafutwa. Na michango juu, ambayo kiukweli ilikuwa inaizidi ada yenyewe.

Nikiwa kidato cha pili alikuja shuleni kuleta hela ya mchango. Jua kali, shati limelowa mgongo mzima, suruali kaifunga na mpira chini isinaswe na cheni. Rafiki zangu wakauliza, "Nani huyo?" Nikajibu, "Daladala tu, katumwa na nyumbani."

Alikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Akanipa hela, akasema, "Haya, soma," akageuza baiskeli akaondoka. Hatujawahi kulizungumzia.

Basi siku ile ya picha ya staa, baba akaniambia goti lake limegoma, na abiria siku hizi wote wako kwenye bodaboda. Ameamua baiskeli aipeleke kijijini Samuye, kwa baba mkubwa, ikabebe maji na magunia. "Kesho naipeleka. Ukitaka, twende." Nikaazima baiskeli kwa jirani. Kichwani, sitaki kuwaficha, nilikuwa nawaza kontenti.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya lami ya kwenda Tinde ina malori na mabasi yanayopita utadhani yanafukuzwa, kwa hiyo baba akakata kushoto tukashika njia za ng'ombe. Ndani ya nusu saa kelele zote zikaisha. Ilibaki sauti ya cheni mbili na njiwa. Mnaoishi mjini sijui niwaelezeeje. Ni kimya ambacho unasikia mpaka pumzi yako mwenyewe, na mwanzoni kinakera, unatamani uweke muziki.

Tambarare za kwetu zinaonekana kama hazina kitu mpaka uzipite taratibu. Mashamba ya pamba yameshavunwa, majaruba ya mpunga yamekauka na udongo wake mweusi umepasuka unaweza kuingiza kiganja. Mawe makubwa yamekaa moja juu ya lingine kama yamepangwa na mtu. Miji ya watu imezungushiwa minyaa. Na mibuyu! Sisi tunaita umbea ubuyu, ila mbuyu wenyewe umesimama pale haumsemi mtu.

Baba ana sheria zake. Kwenye mlima haongei. Kwenye mteremko anapiga kengele hata kama hakuna mtu. Na kila tunayekutana naye lazima asalimiwe. "Mwangaluka!" "Mwangaluka!" Nilihesabu salamu mpaka arobaini nikachoka. Mjini naishi na majirani ambao sijui hata majina yao.

Kuna sehemu tukapita kando ya ngitili. Kama wewe si Msukuma, ngitili ni eneo la malisho ambalo watu wanalifunga wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili kiangazi kikija kuwe na majani. Baba akaniambia alivyokuwa mdogo upande ule ulikuwa mweupe, hakuna mti. Niliporudi nikasoma mwenyewe. Wakati wa mkoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, mingine ikakatwa kupisha pamba. Ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa kutoka kwenye miji yao, na ngitili nyingi zikakosa mwenyewe. Mkoa mzima ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule wa HASHI, na kilichofanya kazi hakikuwa kitu cha kutoka nje. Ni ngitili zile zile za mababu. Mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Nimesoma Shinyanga miaka yote hiyo, nilichokuwa najua ni almasi za Mwadui tu.

Karibu na kijiji kimoja baiskeli yangu ikapata pancha. Mbigiri. Baba hakulaumu. Akachomoa tairi kwa mkono, akatafuta tundu kwa kuipitisha tyubu kwenye shavu, eti hewa inasikika vizuri hapo kuliko kwenye vidole. Akasugua, akapaka solusheni, akaipulizia. Nikaona hapa ndipo pa kusema.

"Baba, unakumbuka ile siku ulikuja shuleni?"

Hakuinua kichwa. "Nilikuja siku nyingi. Shika pampu."

Nikashika pampu. Nikajaza upepo huku machozi yananitoka, nikajifanya ni vumbi.

Samuye tulifika kama saa nne. Zamani ilikuwa na ntemi wake, kabla watemi hawajaondolewa rasmi mwaka 1963, na wazee wa pale wanaongelea mambo hayo kama ya juzi. Mara ya mwisho nilikuwa na miaka minane, kwenye msiba wa bibi, kwa hiyo hakuna aliyenitambua. Wazee kama watano walikuwa wamekaa chini ya mti na baba mkubwa. Vijana hakuna. Wako Geita, wako Mwakitolyo, kwenye maduara wanatafuta dhahabu. Mzee mmoja akaninyooshea kidole. "Na huyu nani?"

Baba akaegesha Phoenix, akafuta jasho. "Huyu? Abiria tu. Nimetoka naye mjini."

Wote wakacheka, maana abiria alikuwa na baiskeli yake. Mimi sikucheka. Ni ile "tu". Ile ile yangu. Mpaka leo sijui kama alikusudia au ulikuwa utani wa kawaida wa wazee, na sijathubutu kumuuliza.

Nikapiga goti. "Mwangaluka. Mimi ni mwanae. Mtoto wake wa kwanza. Hii baiskeli ndiyo imenisomesha."

Wazee wakaitikia, mmoja akasema wabeja, wabeja. Baba akaangalia pembeni kwa muda. Halafu akanyoosha mkono akapiga kengele ya Phoenix mara moja, kriing, kama mtu anayeomba njia.

Tulikunywa maziwa mgando, tukala matobolwa na karanga. Nilipiga picha nyingi, ila baba akasema, "Uso wangu usiuweke huko kwenu." Ndio maana hapa hamuoni picha wala jina. Mastaa wangu nawaficha majina kwa kuogopa kushtakiwa. Huyu nimemficha kwa sababu ameniomba.

Jioni Phoenix ikabaki. Tukawa na baiskeli moja, watu wawili, na goti moja bovu. Nikamwambia apande. Alikataa, akakataa tena, mwisho akakaa kwenye keria na kifurushi chake cha michembe mapajani. Jamani, baba yangu ni mwembamba lakini ni mzito! Kwenye kimlima cha kwanza mapaja yaliwaka moto nikataka kusimama. Nikakumbuka yeye alikuwa anafanya hivi kutwa nzima, mara ishirini, thelathini, watu asiowajua. Nikakaa kimya kama yeye, nikakanyaga.

Nilimfikisha barabara ya lami, tukasubiri hiace. Akashuka taratibu, akanyoosha goti, akaingiza mkono mfukoni.

"Shilingi ngapi?"

"Mia tatu," nikasema, nikijua ananitania.

Akaniwekea mia tano mkononi. Nikamwambia sina chenji.

"Chenji ya nini? Si nilikuwa na mzigo."

Hiyo mia tano ipo, sijaitumia. Kesho ubuyu unaendelea kama kawaida, kuna watu wameachana huko na ninao ushahidi. Ila leo nataka mniambie: nyinyi nani aliwabeba, na mliwahi kumkana?