Kijiti, Karafuu na Maji ya Chumvi

Bibi yangu mzaa mama alifika uzeeni na magego yake karibu yote, na sijapata kumwona ameshika mswaki wa plastiki. Hilo peke yake halithibitishi kitu. Wapo wazee wa rika lake, pale pale Wete, kisiwani Pemba, walioishia kula uji kwa sababu hawakuwa na jino la kutafunia. Lakini nimeishi miaka mingi nikitazama jinsi tulivyoacha alichokuwa akikifanya, na sasa naona vijana wanakirudia nusu nusu, na hiyo nusu iliyobaki nyuma ndiyo inayonifanya niandike.

Bibi alitumia mzizi wa mdaa. Mdaa ni kichaka cha maweni, na wasusi wa mikeka wanaujua kwa kazi nyingine, maana mizizi hiyo hiyo huchemshwa kutilia ukindu rangi nyeusi. Aliletewa fungu zima kutoka upande wa Micheweni. Akiyapata mafungu yake aliosha udongo, akakata vipande vya urefu wa shibiri, akavizungushia kitambaa kibichi visikauke. Asubuhi, kabla chochote hakijapita kinywani, alikwangua ganda la ncha moja kwa kisu, kiasi cha upana wa kucha, kisha akaitafuna taratibu mpaka nyuzi zikaachana.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa kazi ya haraka. Hakusugua kwenda na kurudi. Alizishusha nyuzi kutoka ufizi wa juu kuja kwenye jino, na kuzipandisha kutoka ufizi wa chini, jino baada ya jino, nje kisha ndani, mpaka lile gego la mwisho ambalo wengi wetu hulisahau. Huku anapeta mchele, huku anazungumza na majirani. Midomo iligeuka hudhurungi, meno yakabaki safi bila chembe ya ukoga. Akimaliza alikata ile ncha iliyotumika akaitupa. Hakuiweka akiba hata siku moja, na ukiuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa, “Uchafu nimeshautoa, niurudishe tena wa nini?”

Watoto hatukupewa mdaa, alisema ni mkali kwa fizi changa. Tulikatiwa vijiti vya mpera. Babu naye alikuwa na mswaki wake, ule wa mti wa mswaki wenyewe, ulioletwa na mabaharia kutoka bara. Mtume alihimiza sana kupiga mswaki, na Babu hakuingia msikitini bila kuupitisha. Niliwahi kuuonja nikatema mara moja. Baadaye sana nilisoma kwamba ukali ule unatokana na kemikali za jamii ya zile zinazoipa haradali ukali wake, na kwamba ndizo zinazowasumbua vijidudu vya kinywani. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliupendekeza mwaka 1986 kwa watu wanaoutumia kwa mazoea. Babu hakuwa anangoja ruhusa hiyo.

Karafuu zilikuwa na nafasi yake peke yake. Kwa Mpemba karafuu ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwani kwetu. Usiku wa msimu tulikaa kuizunguka kandili tukichambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule, mpaka vidole vikawa vyeusi na harufu yake ikalala nasi kitandani. Zikishaanikwa zikakauka, ziliuzwa kwa Shirika la Biashara la serikali. Chache zilizobaki ziliingia katika kibati cha Bibi, zile nono zenye kichwa kizima, kwa sababu alisema iliyovunjika kichwa imeshapoteza mafuta.

Nakumbuka usiku mmoja. Gego limeshika, nalia, nyumba nzima imeamka. Bibi hakukimbilia kibati. Alisogeza kandili karibu, akasema, “Fungua kinywa, mwanangu, niangalie,” akaangalia muda mrefu. Akapapasa shavu kwa mgongo wa mkono kuona kama lina moto. Akapapasa na chini ya taya. Akanisukutulisha maji ya chumvi ya uvuguvugu, chumvi kidogo tu, mara mbili, mpaka mabaki ya chakula yakatoka tunduni. Ndipo akatwanga kichwa kimoja cha karafuu, akakinyonyesha pamba ndogo kama punje ya mtama, akaitia ndani ya tundu lenyewe. “Isiguse ufizi, itakuunguza. Na usimeze.” Nikakaa kinywa wazi, mate yakinidondoka, na polepole ganzi ikaingia.

Asubuhi maumivu yalikuwa yamekwisha na nilitaka kwenda kucheza. Bibi alikuwa ameshavaa buibui. “Karafuu imelilaza, haijaliponya. Likiamka litakuja na hasira. Twende hospitali.” Tukaenda, nikang'olewa. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila mtoto wa nyumba ile. Na kama shavu lilikuwa limevimba, au mtoto ana homa, karafuu haikutolewa kabisa. Mtu alitafutiwa usafiri usiku ule ule. Nimesikia watu wakiwadharau wakunga na wazee wa dawa za nyumbani kwamba hawakujua mipaka yao. Bibi yangu mipaka aliijua kuliko kitu kingine chochote.

Dawa ya meno ya dukani tuliijua, lakini miaka ile ya mwanzo ya 1980 ilikuwa kama haipo. Sabuni shida, mchele kwa foleni, sukari kwa mgao. Mtu akipata chubu moja ya dawa ya meno, ikiisha aliipasua kwa mkasi akaikwangua ndani. Nataka niseme jambo hapa ambalo sisikii likisemwa na wanaosifu vijiti vya zamani. Sukari ya mgao haikufika mwisho wa mwezi. Chai tuliinywa ya chumvi, au tuliinywa kavu. Peremende ilikuwa kitu cha sikukuu. Kijiti cha mdaa kilipambana na muhogo, ndizi, samaki na nazi, si na soda na biskuti mara tatu kwa siku. Meno yetu hayakuoza sana kwa sababu hatukuwa na cha kuyaozesha.

Kisha biashara ikafunguliwa. Ilikuwa mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, na nakumbuka maduka ya Wete yalivyojaa ghafla. Dawa ya meno ya rangi tatu, miswaki ya kila rangi. Peremende, biskuti za krimu, soda na juisi za unga nazo ziliteremka katika meli zile zile. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila kwa haraka ya ajabu kijiti kikawa aibu. Msichana wa shule akionekana na midomo ya mdaa aliambiwa ametoka shamba. Mama alitununulia miswaki ya plastiki, kila mtu wake, na Bibi akaacha kutukalisha barazani, maana watoto sasa “wana vyao”. Tukapiga mswaki kwa kasi, kulia kushoto kulia kushoto, povu likijaa, tukatema, tukaondoka. Mkono wa Bibi ule wa kushusha kutoka ufizini, ambao leo madaktari wa meno wengi huuelekeza, hatukuuhamisha kutoka kwenye kijiti kwenda kwenye plastiki. Hakuna aliyekataa kuufundisha wala aliyekataa kujifunza. Ulikaa tu bila mwenyewe.

Niliolewa nikahamia Arumeru, mkoa wa Arusha, na huko nilikuta habari nyingine ya meno. Jirani zangu wengi, watu wazima kwa watoto, walikuwa na meno ya kahawia, mengine yenye vishimo. Nilifikiri ni tumbaku. Kumbe ni maji. Bonde la Ufa limebeba miamba ya volkano yenye floraidi nyingi, nayo huyeyukia kwenye chemchemi na mito, na mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanaumbwa ndani ya taya, huota meno yaliyoharibika tayari. Magadi ya kuivishia maharage na makande huongeza tatizo, kwa kuwa nayo yana floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa muda mrefu iliruhusu zaidi ya hapo, kwa kuwa maji mengine hayakuwapo.

Kilichoniuma ni kuwaona wasichana wa sekondari wakisugua rangi ile kwa mkaa uliosagwa, kwa mchanga wa mtoni, hata kwa majivu, wakiamini ni uchafu. Rangi ile imo ndani ya jino lenyewe. Unaweza kusugua mpaka ufizi utoe damu, haitoki, na jino linazidi kuwa jembamba. Mkaa uliowafaa watu wa kule ni mwingine kabisa, mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaochomwa kwa joto maalumu na kutumika kuchujia floraidi kwenye maji. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanya utafiti wa kazi hiyo. Hiyo ndiyo tiba iliyowafikia watoto kabla meno hayajaota.

Huko bara ndiko nilikosikia pia habari za “meno ya plastiki”, mtoto mchanga anaharisha au ana homa, anapelekwa kwa mtu anayempasua ufizi na kumchokolea vichonge ambavyo havijatoka. Jambo hili lilivuma miaka ya 1980, na watu wakalipa jina la mila. Mimi nilikuwa nimelelewa na mila, na sikuliona humo.

Gego langu jingine lilinishika nikiwa mjamzito. Daktari wa meno alisafisha tundu, akakoroga unga mweupe na matone ya mafuta juu ya kigae kidogo cha kioo, na harufu ikajaa chumba. Nilijua ni nini kabla hajasema. Alinieleza kwamba unga ni zinki oksaidi na mafuta ni eujenoli, ile ile inayojaa ndani ya mafuta ya karafuu, na kwamba kazi yake ni kulituliza jino na kuliziba kwa muda, mpaka nirudi kwa matibabu kamili. Nilikaa pale na machozi yananitoka, naye akadhani ananiumiza. Alikuwa amenipa karafuu, akanipa na masharti yake, na tarehe ya kurudi.

Nimerudi visiwani sasa, naishi Unguja, na vitu vyote vile vimerudi pia. Vijiti vya mswaki vinauzwa sokoni Darajani, vingine vimefungwa nailoni kutoka Pakistani. Mafuta ya karafuu yako dukani kwenye vichupa, na makonyo tuliyokuwa tukiyatenga usiku yanakamuliwa mafuta kiwandani Wawi, Chake Chake. Nafurahi kwa hayo. Lakini kwenye simu za vijana wetu vitu hivi vimefika vimevuliwa masharti. Kila mtu anaambiwa changanya hiki na kile, paka, ngoja, utaona. Hakuna anayeambiwa ni kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi, na lini uache uende hospitali. Mafuta ya karafuu watu wanamdondoshea mtoto mchanga anayeota meno, wakati mafuta safi huunguza kinywa, na akiyameza yanaweza kumdhuru ini. Bibi alitumia kichwa kimoja kwa mtoto wa shule, na akalala macho kumwangalia.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu alikuwa anaolewa. Siku chache kabla ya harusi alikuja kwangu, nikampa juisi ya ukwaju yenye barafu, akaonja akashika shavu. “Mama mdogo, meno yananisisimka yote.” Nikamhoji. Alikuwa anasugua limau na magadi kila usiku, na mkaa asubuhi, ili yang'ae kwa picha. Nilimwambia aje dirishani. Karibu na fizi yalikuwa yameshaanza kuonyesha umanjano wa ndani. Enameli huanza kuyeyuka kinywa kikishuka hadi pH ya 5.5, na limau liko kama 2; namba ikishuka ndivyo asidi inavyozidi. Ukilipaka kisha ukasugua na kitu chenye chembe, unaondoa tabaka ambalo mwili hauna uwezo wa kuliotesha tena. Alinitazama akasema, “Lakini si ni vitu vya asili?”

Limau ni la asili, nilimwambia, na asidi yake pia ni ya asili. Hata ile floraidi ya Arumeru ni ya asili. Na floraidi hiyo hiyo, ikipimwa ndani ya dawa ya meno, ndiyo inayolikinga jino lisitoboke. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha ya dawa muhimu.

Akauliza atumie nini basi mpaka harusi. Nikamwambia mswaki laini, dawa yenye floraidi, na mkono wa Bibi, nikamwonyesha, kutoka ufizini kuja kwenye jino, bila haraka. Akinywa kitu kikali asisugue papo hapo, asukutue maji tu na kungoja. Kijiti akitaka kwa ajili ya sunna atumie, akate ncha kila siku. Maji ya chumvi kwa ufizi uliochubuka, basi. Limau aliache jikoni, magadi ayaache kabisa. Na kesho yake asubuhi nilivaa buibui nikampeleka kwa daktari wa meno.