Nusu ya Umeme Kando ya Ziwa Michigan

Vilima vya mchanga vya Sleeping Bear, ukingoni mwa Ziwa Michigan huko Marekani, vingemkumbusha mtu wa Shela kwao, lau si ukubwa wake. Pana mahali mchanga umepanda kiasi cha mita 130 juu ya maji, na maji yenyewe hayana chumvi. Tulifika mwezi wa Julai pamoja na jamaa zetu waliohamia Ohio, katika gari-nyumba la kukodi lenye vitanda, jiko, choo na friji. Jua huko halitui hadi saa tatu imepita usiku, na kibla ni kaskazini-mashariki, ilhali sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja.

Tulipokwisha kuunganisha Magharibi na Isha, kiyoyozi kikanyamaza. Friji nayo ikazima, na ndani yake mlikuwa na insulini ya bibi wa watoto, ya safari nzima. Taa zikabaki zinawaka, pampu ya maji ikisukuma, na soketi za chumbani zikifanya kazi kama kawaida. Vijana wakakimbilia fyuzi. Bi mwenye nyumba akawazuia, akataka kwanza kujua ni nini kinachofanya kazi na ni nini kilichokufa.

Tuliipenda njia yake. Gari la namna ile lina umeme wa aina mbili. Taa na pampu hutumia volti 12 za betri, basi kuwaka kwa taa si ushahidi kwamba umeme wa nje unafika. Kiyoyozi na soketi hutumia volti 120 kutoka nguzo ya kambi. Tena plagi kubwa ya ampea 50 huleta nyaya mbili za moto, kila mmoja ukilisha upande wake wa gari; mmoja ukikatika, nusu ya vitu huzima na nusu huendelea. Nyumba zetu zenye feizi tatu hufanya vivyo hivyo feizi moja ikipotea, na jirani hudhani tumeshindwa kulipa bili.

Akabonyeza kitufe cha soketi ya bafuni, maana hiyo ikijikata huzima na nyenginezo zilizounganishwa nayo. Haikuwa hiyo. Akazima breka ya nguzo kabisa, kisha akaiwasha. Hali ile ile. Mwenyeji wetu, ambaye ni fundi wa umeme, akapima tundu za nguzo: waya mmoja volti 120, wa pili sufuri. Ugonjwa ulikuwa kwenye nguzo ya kambi, gari halina dhambi. Kuifungua nguzo hakukuwa haki yetu, wala si kazi ya usiku.

Alitueleza pia dalili ya hatari zaidi: baadhi ya vifaa kuzidiwa na umeme huku vyengine vikififia. Hapo waya wa kurudisha umeme umeachia, na haifai kungoja. Breka huzimwa na plagi huchomolewa papo hapo, kabla vyombo havijaungua.

Ikabaki insulini. Friji ya gari lile hukubali gesi pia, mradi gari limesimama sawasawa. Bi mwenye nyumba akaigeuza kwenye gesi, mwali ukashika, na bibi akakubali kulala. Asubuhi mlinzi akatuhamishia nguzo ya pili, kiyoyozi kikaanza kunguruma, nasi tukapanda mchangani.