Iowa, Mahali Ambapo Trekta Hulazwa

Wengi wenu mnatuuliza kwenye simu: huko Marekani mnalima kweli? Ndiyo, tunalima. Sisi ni familia nne tuliotoka kambi za Kigoma, na tumekodi shamba nje kidogo ya mji wa Waterloo, katika jimbo la Iowa. Tunapanda mahindi, maharage na lengalenga. Ila huku kuna miezi ambayo udongo unaganda ukawa mgumu kama saruji, jembe haliingii.

Iowa ni nchi ya mahindi. Wakati wa joto ukipita barabarani unaona mahindi kulia, mahindi kushoto, mpaka macho yachoke. Na humu ndimo lilimozaliwa trekta la petroli. Mwaka 1892, katika kijiji cha Froelich, wilaya ya Clayton, bwana John Froelich alifunga injini ya petroli ya silinda moja juu ya magurudumu, ikaweza kwenda mbele na kurudi nyuma. Kabla ya hapo watu walitumia mashine za mvuke, zinazotaka maji mengi, na cheche zake ziliweza kuunguza mavuno. Kampuni iliyotokana na kazi yake ilikuwa hapa Waterloo, na mwaka 1918 ikanunuliwa na Deere. Kijiji chenyewe tulikitembelea wakati wa joto; ni kidogo sana, kina makumbusho.

Sasa sikieni: wilaya hiyo hiyo ina mji unaoitwa Elkader. Tarehe 3 Februari 1996 baridi yake ilifika nyuzi 44 chini ya sifuri. Na maji huganda kwenye sifuri!

Shamba letu lina trekta kuukuu la petroli, Ford 8N, aina iliyotengenezwa kati ya 1947 na 1952. Mzee mwenye shamba anatuachia tulitumie kwa sharti moja: sisi ndio tunaolilaza kabla ya baridi kali. Likifa, mwezi wa nne hatuna cha kulimia, na kukodi lingine ni kula hela ya chakula cha watoto.

Tunaanza na maji. Maji yakiganda yanavimba, karibu asilimia 9. Chuma cha injini hakikubali kuvimba nayo, kinapasuka. Jirani mmoja alipoteza injini kwa ufa mwembamba kama unywele. Basi tunafungua koki chini ya rejeta na nyingine ubavuni mwa injini, maji yote yatoke. Kisha tunajaza dawa ya kuzuia kuganda, nusu dawa, nusu maji safi. Kwa baridi ya kawaida ya hapa inatosha. Dawa hiyo ni sumu, tena ina ladha tamu, kwa hiyo hatuimwagi chini wala hatuiachi karibu na watoto.

Halafu petroli. Ikikaa miezi mingi inaharibika na kuacha utando kama gundi ndani ya kabureta. Tunatia dawa ya kuitunza, tunajaza tanki ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, tunawasha injini kama dakika kumi. Mwisho tunafunga koki ya mafuta, injini inakunywa iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe.

Oili tunaibadilisha papo hapo, injini ikiwa bado na moto, maana oili chafu ina maji na asidi inayokula vyuma. Tunafungua plagi zote nne, kijiko cha oili kila silinda, tunaizungusha kidogo bila kuiwasha.

Betri tunaitoa na kuiweka ndani. Betri iliyojaa chaji haigandi upesi, lakini iliyokwisha inaganda na kupasuka. Klachi tunaikandamiza kwa kipande cha mti, isije ikashikana kwa kutu.

Wabaki panya! Wanapenda kujenga ndani ya injini na kutafuna nyaya. Tunafunika ekzosi kwa kopo, halafu tunafunga karatasi kwenye usukani: KOPO LIKO JUU YA EKZOSI. Atakayeliwasha mwezi wa nne huenda si yule aliyelilaza.

Ndugu zetu, huko kwenu hakuna barafu. Lakini mashine ya kusaga, pikipiki na jenereta navyo hulala. Petroli huharibika huko pia, betri hufa, panya ni wale wale. Ukiacha chombo mwezi mzima bila kukiandaa, siku ya haja kitakugomea, na fundi atakula akiba yako. Kabla ya kufunga mlango wa banda hesabuni kwa vidole: maji, mafuta, oili, betri, panya. Ni kazi ya nusu siku tu.