Fimbo Iliyokula Karo

Ninasoma mwaka wa pili mjini Kampala. Kila Jumamosi huenda kiwanja cha gofu cha Kitante, chini ya kilima cha Kololo, kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Malipo hayo hunisaidia kulipa karo.

Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14, lakini mimi nilitamani moja tu: draiva, iliyo ndefu kuliko zote. Mwaka jana nilichukua pesa za karo alizonitumia mama, nikanunua draiva kuukuu. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukapinda kulia, ukaingia vichakani. Nikaongeza nguvu, ukapinda zaidi.

Mzee mmoja aliyebeba mifuko miaka mingi aliniita. "Mwanangu, fimbo hiyo bado imekuzidi. Anza na chuma namba 7, ni fupi, utaimudu. Shika kama umeshika kifaranga. Geuza mabega, kichwa kitulie, fimbo ipite yenyewe."

Niliiuza kwa hasara, kisha nikampigia mama simu na kumwambia ukweli. Alinyamaza, halafu akauliza, "Mchezo huo unalipa?"

"Kubeba kunalipa, mama. Kupiga bado."

Nilibeba mifuko miezi mitatu ndipo nikamaliza deni la karo. Sasa nina fimbo mbili: chuma namba 7 na ile ya kusukumia mpira shimoni. Mpira wangu hauendi mbali, lakini huenda ninakoutuma. Kweli, mwenda pole hajikwai.