Aliyeshika Kamba

Likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tulikuwa kwenye mazoezi ya kichungaji Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita. Jioni moja vijana wa jumuiya walitupeleka kwenye jiwe lenye paa, limetokeza nje kama baraza, kimo chake mita nne tu. Tuliona ni mchezo.

Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye duara la dhahabu alizungusha kamba kwenye mti ulio juu, akashika ncha. "Frateri, usijivute kwa mikono. Sukuma kwa miguu; mkono uunyooshe, upumzike."

Hatukusikia. Chini ya paa, mgongo ukitazama ardhi, vidole viliishiwa nguvu. Tulianguka mmoja baada ya mwingine, tukaning'inia hewani. Yeye hakuachia.

Jumapili iliyotangulia tuliwahubiria wachimbaji habari za kumtegemea Mungu. Hatukuwauliza wanaposhuka shimoni kamba anashika nani.

Safari ya tatu tulisukuma kwa miguu, tukafika. Huko juu tukamwuliza.

"Mwenzangu," akajibu. "Kila nikishuka namwombea asisinzie."

Jumapili iliyofuata, katika sala za waamini, tuliwaombea washika kamba.