Mkono Unaokama



Ndugu yangu msomaji, nataka leo nizungumze nawe habari ya mtu ambaye aghlabu hatajwi majumbani mwetu ila anapokawia: kijana wa ng'ombe. Sisi watu wa pwani twapenda chai ya maziwa, twapenda samli juu ya wali, na mgonjwa wetu akikataa chakula humtafutia kikombe cha maziwa. Lakini mwambie mtu kuwa binti yake anaposwa na mkamaji, utauona uso wake unavyokunjamana. Kazi hiyo twaiona kuwa ni ya watu wa bara, tena wa bara waliokosa nyingine. Mimi nimeifanya miezi kumi na minne, na nitakayokueleza ni yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Ilikuwa mwaka 1989. Nilikuwa nimekwenda Mpanda kusomesha watoto Qur-ani. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, kwani Mkoa wa Katavi haukuzaliwa mpaka mwaka 2012. Huko hufikwa kwa gari moshi kutoka Tabora, kupitia Kaliua, juu ya tawi la reli ambalo Mwingereza alilijenga kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Mvua za nchi ile ni za msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili, na zinapoanguka kila mtu huenda kwenye majaruba ya mpunga, mkubwa kwa mdogo. Chuo changu kikabaki na wanafunzi watatu, na mwalimu asiye na wanafunzi hana ada.

Mzee mmoja wa Kisukuma wa Kakese, aliyehamia huko na ng'ombe zake kama walivyohamia wengi wa kabila lake kutafuta malisho, akasikia habari yangu. Akanijia akasema, "Shehe, kama huoni haya, kwangu kuna kazi." Sikuona haya. Mitume walichunga wanyama, na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe ameeleza kuwa aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Sasa mimi ni nani hata nione haya?

Usidhani kwamba mgeni wa kazi hupewa ndoo siku ya kwanza. Hupewa jembe na kikapu, azoe samadi zizini kabla jua halijapanda, kisha hupewa ndama. Mwezi mzima kazi yangu ilikuwa ndama: kuwatenga na mama zao usiku, kuwatazama matako kama wanaharisha, na kuhakikisha kuwa aliyezaliwa leo amenyonya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, katika saa zake za kwanza. Ndama asiyeipata dang'a mapema hana kinga ya maradhi, na mara nyingi hamalizi mwezi. Mke wa Mzee, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa akisema kuwa mtu asiyemjua ndama hana haja ya kumjua ng'ombe. Nilipokwisha kuwajua ndama wote kwa rangi zao ndipo aliponipa kigoda na kata.

Ng'ombe wa kienyeji hamwachii mtu maziwa mpaka amwone mwanawe. Ndama huletwa, akanyonya kidogo, maziwa yakashuka, kisha hufungwa karibu na kichwa cha mama yake ili amlambe, nawe ukama. Kabla ya hapo uwe umenawa mikono, umeosha kiwele kwa maji ya moto kiasi na kukipangusa kwa kitambaa safi. Michirizi ya mwanzo ya kila chuchu huikamia katika kikombe cheusi. Ukiona madonge au damu, basi huyo ana ugonjwa wa kiwele, na maziwa yake hayaingii ndooni. Wala usivute chuchu kama unavyovuta kamba ya ngalawa. Waibana juu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha vidole vingine vifuate kimoja baada ya kimoja. Vidole vyangu, vilivyozoea kushika kalamu, vilivimba wiki mbili. Na yote hayo kwa lita mbili, au tatu akiwa mkarimu, kwa maana ng'ombe wa kienyeji hatoi zaidi sana ya hapo kwa siku.

Hapa nitakukata kidogo kwa jambo la dini, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi. Sisi Washafi twaihesabu samadi kuwa najisi, hata ya mnyama aliwaye. Wenzetu Wamaliki hawaihesabu hivyo. Basi nilikuwa na kikoi cha zizini na kikoi cha sala, na Mama alinitengea mtungi wa maji bila ya kuuliza sababu. Ama chembe iangukayo katika maziwa wakati wa kukama, wako wanavyuoni wetu walioisamehe. Lakini msamaha huo ni wa kukuondolea taabu, haukupi ruhusa ya uchafu. Kiwele kioshwe, maziwa yachujwe, nawe msomaji nyumbani kwako uyachemshe, kwani homa ya kutupa mimba na kifua kikuu vyote hupita katika maziwa mabichi.

Baada ya kukama ni malisho, na malisho ni elimu. Ng'ombe hawaachiwi wakarudi mahali pamoja kila siku mpaka nyasi zikafa. Huhamishwa, mahali pale pakapumzika pakaota tena. Mchungaji husoma samadi kama mwanafunzi anavyosoma ubao: ikiwa majimaji, nyasi ni changa mno, ikiwa kavu yenye matabaka, nyasi zimezeeka na maziwa kesho yatapungua. Katika miyombo wamo mbung'o, ambao huwapa ng'ombe ndorobo na binadamu malale, nao hupenda nguo ya buluu na nyeusi, kwa hiyo fulana yangu ya buluu haikutoka tena sandukuni. Kupe nao huleta ndigana, basi masikio ya kila ng'ombe hupapaswa jioni. Na juu ya yote kuna mpunga wa watu. Kakese ni nchi ya mpunga, na ng'ombe mmoja akiingia jaruba la jirani kabla ya mavuno, ugomvi wake huwafika wazee. Baada ya mavuno mambo hugeuka: mkulima mwenyewe humwita mfugaji alete ng'ombe wale mabua na kumwachia samadi.

Sasa tuje kwenye ujira. Mzee hakunitia kazini mpaka tulipokaa chini ya mwembe mbele ya jirani yake wawili, tukataja kila kitu: chakula, mahali pa kulala, fedha kidogo kila mwezi, lita moja ya maziwa kila siku, na mwaka ukitimia mtamba mmoja. Nabii Musa (a.s.) naye alipofika Madyan hali mkimbizi, muda wa kazi ulitajwa kwanza, miaka minane, na kutimiza kumi ikawa hiari yake. Mzee wangu hakuwa Muislamu wala hakuijua habari hiyo, lakini alifanya hivyo hivyo. Na nyumba ngapi kwetu pwani zachukua kijana wa ng'ombe, au mtumishi wa ndani, kwa neno la "utakula tunachokula", kisha mwaka wapita naye hajui anadai nini? Umesikia hadithi ya wale watatu waliofungiwa na jiwe pangoni. Mmoja wao aliokolewa kwa ujira wa kibarua, ambao katika baadhi ya mapokezi ulikuwa kipimo cha mchele, aliomtunzia na kumpandia mpaka ukawa ng'ombe na mchungaji wao. Nilipokuwa Kakese, kati ya mpunga na ng'ombe, hadithi hiyo niliisikia kwa sikio jingine.

Lililonipa taabu lilikuwa jambo la maji. Kwa kuwa nilijua kuandika, Mzee alinipa daftari niandike lita zilizokamwa na fedha zilizorudi kutoka mjini. Maziwa yalipelekwa Mpanda kwa baiskeli na mpwa wake, mtoto wa dada yake. Masika ng'ombe tisa walitupa lita ishirini na kidogo asubuhi, na hesabu ilikwenda sawa. Ulipofika Septemba nyasi zimeungua, tukawa twapata lita nane. Fedha zilizorudi zilikuwa za lita kumi na mbili. Siku ya kwanza nilidhani ni deni la zamani limelipwa. Siku ya nne sikuwa na cha kudhani.

Fikiri nawe, msomaji. Mimi ni kibarua wa chini kabisa, mgeni wa kabila na wa dini, mtamba wangu bado miezi miwili, na anayenywesha watu maji ni damu ya mwenye nyumba; tena fedha zote zaingia mfukoni mwa huyo ninayetaka kumwambia. Nikanyamaza usiku mmoja. Asubuhi nikalifungua daftari mbele ya Mzee na Mama, nikasoma tarehe na lita na fedha, sikuongeza neno. Mzee akatazama chini. Mama ndiye aliyesema: "Ng'ombe wangu hakuniambia kuwa anatoa maji."

Mzee akauza mbuzi wawili, akanipa fedha niwarudishie wanunuzi, kila mtu sehemu yake. Mpwa akaondolewa kwenye baiskeli akapewa fimbo ya kuchunga, nami nikapewa baiskeli. Hakuitika salamu yangu mpaka nilipoondoka. Siku hizi kiko chombo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa, na yakitiwa maji hupungua uzito, chombo kikazama zaidi. Kule Tanga, ambako kiwanda hukusanya maziwa ya wafugaji wadogo, maziwa hupimwa kabla ya kupokewa. Sisi tulikuwa na daftari tu.

Katika wanunuzi alikuwamo mama mmoja wa Kiislamu aliyeuza chai karibu na stesheni. Nilipompa fedha zake na kumweleza sababu, alizihesabu, akazifunga pembeni mwa leso. "Nilijua, Shehe," akasema. "Maziwa yakitiwa maji, chai yake haidanganyi. Lakini ningeyakataa, mengine ningeyapata wapi?"

Nikamwambia kuwa kuanzia kesho atapata lita mbili badala ya tatu, lakini zitakuwa maziwa. Akakubali. Akapunguza vikombe vya maziwa, na waliochelewa akawauzia chai ya rangi, mpaka mvua zilipoanza Novemba.